Mkono Wenye Nguvu na Anayeulipia

Katika vijiwe vya Msasani, kama ilivyo katika vijiwe vya Kinondoni, Temeke na miji mingine ya mwambao, karata zilikuwa mchezo wa jioni uliozoeleka muda mrefu kabla intaneti haijafika, na kwa sababu hiyo mchezaji anayekaa leo mbele ya meza ya poka iliyomo ndani ya simu yake haanzi mikono mitupu. Michezo ya albastini na wahedi wa sitini imekwisha kumfundisha kukumbuka karata zilizochezwa, kukadiria zilizobaki mikononi mwa wenzake, na kuchagua wakati wa kutoa turufu, yaani karata ya aina iliyopewa uwezo wa kuzila aina nyingine zote. Hiyo ni elimu ya kweli, na wengi wanaojifunza poka katika nchi ambazo karata ni mchezo wa kasino tu hawanayo. Hata hivyo, ndani ya elimu hiyo limejificha zoea moja linalomgharimu mchezaji huyo fedha nyingi kuliko makosa yake mengine yote, nalo ni zoea la kuitunza karata kubwa mpaka mwisho.

Zoea hilo lina mantiki yake pale lilipozaliwa. Katika wahedi wa sitini, ree huhesabiwa pointi 11, saba pointi 10, mfalme pointi 4, ghulamu pointi 3 na malkia pointi 2, ilhali garasa, yaani karata ndogo zilizobaki, hazina pointi yoyote. Kila aina kati ya zile nne, ambazo ni shupaza, kopa, uru na pau, inakuwa na pointi 30, jumla ya mchezo ni 120, na anayefikisha 61 amekwisha kushinda. Thamani, kwa maneno mengine, imo ndani ya karata yenyewe: ree ya kopa ni pointi 11 ikiliwa mwanzoni na ni pointi 11 ikiliwa mwishoni, na kinachobaki kwa mchezaji ni kuhakikisha kwamba inaangukia upande wake. Poka haina pointi za namna hiyo. Ree mbili, ambazo ndizo karata bora kabisa za kuanzia, zinaweza kumletea mwenyewe akiba yote ya mpinzani wake au zisimletee chochote zaidi ya madau madogo ya lazima, kutegemea mpinzani huyo ameshika nini na yuko tayari kulipa kiasi gani. Samaki mkubwa anayeshushwa pwani ya Msasani naye hana bei mpaka wanunuzi wamzunguke, na siku ambayo wanunuzi ni wachache ukubwa wake haumsaidii mvuvi. Sura hii inashikilia kwamba swali la kwanza la mwenye mkono wenye nguvu halihusu mkono wake hata kidogo. Linahusu mkono wa pili kwa ubora uliopo mezani, ulipo, na kiasi ambacho mwenye nao atakubali kutoa.

Kabla ya hesabu ni lazima istilahi zikae mahali pake. Aina ya poka inayochezwa zaidi mtandaoni huitwa Texas Hold'em, na ndani yake kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote huwekwa wazi mezani kwa awamu: kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya awamu ya kwanza na baada ya kila awamu kuna mzunguko wa madau, ambapo mchezaji anaweza kupisha, yaani kutoweka kitu iwapo hakuna aliyeweka, kuweka dau, kufuata dau la mwenzake kwa kulipa kiasi kilekile, kupandisha dau, au kutupa karata na kujitoa. Fedha zinazokusanyika katikati zitaitwa rundo, na fedha ambazo mchezaji bado anazo mbele yake zitaitwa akiba. Mkono ni muungano bora wa karata tano ambao mchezaji anaupata kutokana na mbili zake na tano za mezani.

Mikono yenye nguvu ni adimu, na uadimu huo ndio unaoifanya hesabu inayofuata kuwa na uzito. Ree mbili hupatikana kwa wastani mara moja katika migawo 221. Mchezaji mwenye jozi yoyote mkononi, tuseme nane mbili, atakuta nane ya tatu miongoni mwa karata tatu za mwanzo kwa takriban asilimia 12 tu ya nyakati, yaani pungufu kidogo ya mara moja katika kila nane. Kwa kuwa nyakati nyingine zote yeye hutoa madau ya lazima, hufuata madau madogo akitafuta bahati na kutupa karata, ni mikono hiyo michache inayopaswa kulipia gharama za mikono mingine yote, na anayeikusanyia nusu ya kile ilichostahili kuleta atamaliza mwezi akiwa na hasara ingawa hakumbuki kosa lolote kubwa alilolifanya.

Ichukuliwe kwamba rundo lina shilingi 1,000 pale karata tatu za mwanzo zinapofunuliwa, na kwamba wachezaji wawili waliobaki wana akiba ya shilingi 13,000 kila mmoja. Mwenye mkono wenye nguvu akiweka dau la nusu ya rundo katika kila awamu na likafuatwa, ataweka 500, na rundo litakuwa 2,000, kisha 1,000, na rundo litakuwa 4,000, kisha 2,000. Mpinzani atakuwa ametoa shilingi 3,500 kwa jumla. Lakini akiweka dau linalolingana na rundo lote, ataweka 1,000, kisha 3,000, kisha 9,000, na mpinzani atakuwa ametoa shilingi 13,000, ambazo ni akiba yake yote. Dau lililoongezwa mara mbili limeleta karibu mara nne ya mapato, kwa sababu kila dau linalofuatwa hulikuza rundo, na rundo lililokuzwa hulikuza dau linalofuata. Hapo pia inaonekana bei halisi ya kupisha mara moja tu kwa nia ya kujificha: aliyepisha awamu ya kwanza amebakiwa na madau mawili, la 1,000 na la 3,000, hivyo amekusanya 4,000 mahali pa 13,000. Shilingi 9,000 zilizopotea hazionekani popote katika taarifa ya akaunti yake, na pengine ndiyo sababu kosa hili hudumu kwa miaka katika uchezaji wa watu ambao vinginevyo ni hodari.

Pingamizi la kawaida ni kwamba dau kubwa humfukuza mpinzani. Pingamizi hilo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa linahesabu idadi ya wanaofuata na kusahau kiasi wanacholipa. Rundo likiwa na shilingi 9,000 kwenye karata ya tano, dau la 3,000 linalofuatwa mara sita katika kumi lina thamani ya wastani ya shilingi 1,800. Dau la 9,000 linalofuatwa mara tatu tu katika kumi lina thamani ya shilingi 2,700. Mchezaji wa dau kubwa ataona wapinzani wakitupa karata mara saba katika kumi, atasikitika kila mara, na bado atakuwa anapata zaidi ya mwenzake kwa nusu nzima. Dau lililokuzwa mara tatu linahitaji kufuatwa zaidi ya theluthi moja ya mara lilizofuatwa lile dogo ili liwe na faida kubwa zaidi, na mara nyingi mpinzani aliyekwisha kuuamini mkono wake wa pili kwa ubora hajali sana tofauti ya ukubwa. Ama amekwisha kuamua kufuata, ama amekwisha kuamua kutupa.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni kuhesabu mikono inayoweza kuwapo upande wa pili. Mchezaji hodari hamkadirii mpinzani karata mbili maalumu, bali wigo, yaani mkusanyiko wa mikono yote ambayo mpinzani huyo angeweza kuwa nayo kutokana na jinsi alivyocheza. Mathalani, mpinzani alipandisha dau kabla ya karata za mezani, kisha zikatoka mfalme wa kopa, nane ya uru na tatu ya pau, huku mchezaji akiwa na nane mbili na hivyo kuwa na nane tatu. Wafalme watatu hawajaonekana bado. Ree na mfalme vinaweza kuungana kwa njia 12, kwa kuwa kuna ree nne na wafalme watatu. Mfalme na malkia nao kwa njia 12. Ree mbili kwa njia 6. Hiyo ni mikono 30 ambayo mpinzani ataitetea kwa moyo wote na ambayo yote inashindwa na nane tatu, wakati wafalme wawili, ambao ndio pekee wanaozishinda kwa sasa, wanaweza kupatikana kwa njia 3 tu.

Sasa hali ibadilishwe: karata za mezani ni zilezile, lakini mchezaji mwenyewe ndiye mwenye wafalme wawili. Mkono wake ni bora kuliko ule wa kwanza, hauwezi kushindwa na chochote kilichopo, na kwa mtazamo wa haraka unapaswa kuleta zaidi. Lakini amebaki mfalme mmoja tu kati ya karata asizoziona, hivyo ree na mfalme vinaungana kwa njia 4, mfalme na malkia kwa njia 4, na ree mbili kwa njia 6 kama awali. Walipaji 30 wamekuwa 14. Mkono umeshika karata zilezile ambazo mpinzani angezihitaji ili aridhike na hali yake na kulipa. Kwa hiyo nafasi adimu ambapo kujificha kunahesabika kuwa busara ni hii hasa, pale mchezaji anapokuwa ameifukarisha meza kwa karata zake mwenyewe na kumwachia mpinzani nafasi ya kupata kitu katika awamu inayofuata. Na hata hapo kujificha huku hukubalika zaidi ikiwa meza haina dalili ya hatari. Wachezaji wengi hufanya kinyume: huzificha nane tatu, zenye walipaji wengi, kwa sababu zinawafurahisha.

Hatari inayozungumzwa ni ile ya mwenye matumaini, ambaye bado hana mkono ila karata moja itampatia. Kopa mbili zikiwa mezani, mwenye kopa mbili mkononi ana nafasi ya takriban asilimia 35 ya kupata ya tano katika karata mbili zijazo, na takriban asilimia 20 ikiwa imebaki karata moja. Mpinzani wa namna hii hulipa wakati matumaini yake yako hai. Kopa isipotokea, hatatoa hata shilingi kwenye karata ya tano. Ikitokea, atakuwa yeye ndiye anayedai. Aliyempisha bure katika awamu mbili za mwanzo hakuweka mtego; amempa karata za bure mtu aliyekuwa tayari kuzinunua.

Kuna upande mmoja wa suala hili ambao hauonekani kwa mwenye mkono mmoja tu mbele yake, na ambao ulikwisha kutazamwa na wanahisabati kabla ya kompyuta kuwa chombo cha mtu binafsi. John von Neumann, aliyeandika juu ya nadharia ya michezo mwaka 1928 na kisha, pamoja na Oskar Morgenstern, akachapisha kitabu kikubwa cha nadharia hiyo mwaka 1944, alitumia kielelezo kilichorahisishwa cha poka kuonyesha kwamba mchezaji bora huweka dau akiwa na mikono iliyo bora kabisa na pia akiwa na baadhi ya mikono iliyo mibovu kabisa, huku mikono ya wastani ikipishwa. Mikono mibovu hiyo ndiyo mkwara: dau linalowekwa ili mpinzani aamini kuna nguvu isiyokuwepo. Asiyepiga mkwara kamwe hujulikana, na anayejulikana halipwi. Uwiano wenyewe unatokana na bei anayopewa mfuataji: dau likilingana na rundo, mfuataji hulipa moja ili apate mbili, hivyo anahitaji kushinda mara moja katika tatu, na mwekaji aliye na mkwara mmoja kwa kila mikono miwili ya kweli humwacha bila uamuzi ulio na faida. Dau likiwa nusu ya rundo, uwiano huwa mkwara mmoja kwa mikono mitatu ya kweli. Kadiri dau linavyokuwa kubwa ndivyo linavyoruhusu mkwara zaidi, na kadiri mkwara unavyokuwepo ndivyo mkono wa kweli unavyolipwa.

Januari 2017, programu ya Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Tuomas Sandholm na Noam Brown, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa huko Pittsburgh katika migawo 120,000 iliyochezwa kwa siku 20. Miongoni mwa mambo yaliyowasumbua binadamu hao ni madau yaliyozidi ukubwa wa rundo, wakati mwingine kwa mbali sana, ambayo hutumika pale ambapo mwekaji ana mkono usioweza kushindwa au hana kitu kabisa. Wachezaji wa kulipwa walikuwa wamezoea madau ya kati ya nusu na rundo zima kwa sababu tu kila mtu alicheza hivyo. Mashine haikuwa na mazoea ya kijiwe chochote.

Hata hivyo, mtu anayecheza kwa simu kutoka Msasani hakai meza moja na Libratus. Meza zilizo wazi kwa mfuko wa kawaida ni zile ambazo dau la lazima ni senti moja na mbili za dola, na akiba kamili ni dola mbili, na huko tabia inayotawala ni kufuata kupita kiasi: watu wamekuja kucheza, si kutupa karata. Dhidi ya wapinzani wa namna hiyo uwiano wa von Neumann unaweza kuwekwa kando kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mkwara haumtishi asiyetupa, na badala yake mikono yenye nguvu inapaswa kuwekewa madau makubwa bila haya, hata ile yenye nguvu ya wastani. Kipimo ni kimoja: kwenye karata ya tano, dau la kutafuta malipo lina haki ya kuwekwa ikiwa, kati ya mara litakazofuatwa, mwekaji atashinda zaidi ya nusu. Haijalishi mkono wake unashinda mikono mingapi kwa jumla, kwa sababu ile iliyotupwa haikulipa chochote.

Tofauti ya mchezo huu na kubeti mpira inafaa kutajwa, kwa kuwa vijana wengi wa Dar es Salaam waliijua michezo ya kubahatisha kupitia mkeka, yaani orodha ya mechi zinazobetiwa kwa pamoja, kabla ya kuijua poka. Mwenye mkeka hushindana na kampuni iliyokwisha kupanga bei, na ufundi wake wote haubadilishi kiasi anacholipwa mechi ikishamalizika. Katika poka kampuni haishindani na mtu. Hukata sehemu ndogo ya kila rundo, mara nyingi karibu asilimia 5 kwa kikomo maalumu, na makato hayo katika meza ndogo yanatosha kumfilisi hata anayewazidi wenzake kidogo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inamtaka mwendeshaji awe na leseni na inawazuia walio chini ya miaka 18. Na kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mwambao huu, kucheza kwa fedha ni kamari, iwe na ufundi au bila ufundi, na ndiyo sababu wengi wa wakali wa karata hawajawahi kuweka hata shilingi.

Kasi nayo hubadilisha mambo. Meza ya kawaida yenye mgawaji aliye binadamu hugawa karibu mikono 30 kwa saa, na ya mtandaoni hugawa mara mbili ya hapo au zaidi, bila sura za watu. Kinachosomwa ni ukubwa wa madau, muda uliotumika kuamua, na historia. Programu nyingi huweka vitufe vya nusu ya rundo na rundo zima, na mvivu hubonyeza kilekile kila mara. Mpinzani anayebonyeza nusu siku zote kisha ghafla akaandika kiasi chake mwenyewe amekwisha kusema kitu.

Kitu hicho huwa na uzito zaidi pale mwenye nguvu anapopandishiwa. Irudiwe ile meza ya mfalme, nane na tatu, na mchezaji mwenye nane mbili: karata ya nne ikawa tano ya shupaza, ya tano ikawa malkia wa pau, na mpinzani akawa amefuata mara mbili. Rundo ni 8,000, mchezaji ameweka 4,000, na mpinzani amepandisha hadi 12,000, huku wote wakiwa bado na akiba. Mikono inayomshinda ni wafalme wawili, njia 3, na malkia wawili, njia 3. Anayoishinda, na ambayo ingeweza kupandisha, ni tatu mbili, njia 3, tano mbili, njia 3, na mfalme na malkia, njia 9. Hata kama mpinzani ni mwoga asiyepandisha kwa jozi mbili, uwiano ni sita kwa sita, na mchezaji anatakiwa kulipa 8,000 ili apate 24,000, jambo linalohitaji ushindi mara moja tu katika nne. Kwa hiyo hatupi karata. Lakini akipandisha tena kwa akiba yote, mwenye mfalme na malkia atajitoa, wenye tano tatu au tatu tatu watasita, na wenye wafalme watatu na malkia watatu watafuata bila kufikiri. Anafuata, na karata zinafunuliwa.